Unataka kufungua darasa la muziki kwa vijana wa mtaani? Usianze na kuomba vyombo

#1 Tuba ya Temeke

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya miezi kadhaa anaibuka mtu humu na wazo la kituo cha muziki. Ana jamaa yake Ulaya, jamaa anaweza kupata kontena la vyombo vilivyotumika, litafutwe eneo, vijana wa vijiweni wafundishwe waachane na bangi. Wadau wanampongeza, mmoja anatoa godauni la mjomba wake, mwingine anaomba namba, na uzi unafia hapo. Juzi kaja mwingine kwenye ule uzi wa ajira. Nikimjibu kule itapotea katikati ya mabishano ya bodaboda, kwa hiyo nafungua uzi wake hapa.

Mimi ni mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito. Wikiendi nyingi niko juu ya kirikuu nasindikiza maharusi, na siku nyingine nafundisha vijana kwenye ukumbi wa usharika mmoja huku Temeke. Wengi wao si Walutheri, wapo mpaka watoto wa madrasa ya mtaa wa pili. Wanakuja kwa sababu tarumbeta ziko pale na hakuna anayewauliza dini.

Ninachosema ni hiki: katika shughuli hii, vyombo ndivyo rahisi kupatikana kuliko kitu kingine chochote. Kigumu ni mwalimu anayelipwa, na fundi. Ukianza na vyombo bila hao wawili, ulichofungua ni stoo.

Nianze na hiyo stoo maana ndiyo inayonikera. Vyombo vya msaada huwa ni vile ambavyo shule za kule zimeacha kuvitumia. Zinakuja fidla, zote za saizi ya mtu mzima. Mtoto wa miaka sita anahitaji ya robo, wa nane ya nusu, wa kumi ya robo tatu. Ukimpa kubwa kabla ya wakati, mkono wa kushoto haufiki, bega linapanda hadi sikioni, na tabia hiyo akishaizoea kuja kumtoa ni kazi ya mwaka. Pinde nyingi zinafika singa zimekatika, na singa za upinde ni za mkia wa farasi, huzipati duka la vifaa vya shule. Halafu kuna gundi. Fidla nzuri inagundishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, dhaifu kwa makusudi ili fundi aweze kuifungua siku ya matengenezo. Kwa joto na unyevu wetu wa pwani inalainika, ubavu unaachia, na mtu asiyejua anauziba kwa gundi ya viatu. Hapo umeshaiua.

Saksafoni ndiyo kila kijana anaitaka kwa sababu ya picha. Ina vifuniko ishirini na kitu, kila kimoja kina pedi ndogo ya ngozi ndani. Pedi moja ikichanika hewa inavuja, sauti za chini hazitoki, na kijana anaamini yeye ndiye hajui kupuliza. Ridi, kile kijiti cha mwanzi cha mdomoni, zinakuja kumi kwa boksi, na anayeanza anazimaliza kwa kuzing'ata. Nimewahi kuingia stoo ya kituo kimoja (sikitaji), klarineti zimelala kwenye makasha yake kama maiti mochwari. Haikuwepo hata moja iliyokuwa inalia. Na ukutani kulikuwa na picha ya siku ya makabidhiano, watu wamevaa suti.

Ndiyo maana nikiulizwa nasema anzeni na vya shaba: tarumbeta, tromboni, baritoni. Havifi haraka. Maji ya uvuguvugu, sabuni, kitambaa, mafuta ya pistoni, umemaliza. Au rekoda za plastiki kwa wadogo, zile filimbi za shule. Mtoto akiangusha anaokota anaendelea.

Sasa mwalimu. Mwalimu wa kujitolea anakuja wiki ya kwanza, anakuja ya pili, ya tatu ana harusi, ya nne ana msiba, ya tano vijana wameshazoea kutomwona. Simlaumu, na yeye ana watoto. Wafadhili wengi wako tayari kununua vyombo vya thamani ya gari zima, lakini ukiandika "mshahara wa mwalimu" wanakuuliza habari za uendelevu.

Waliolipatia jambo hili, kwa ninavyoona, ni majirani zetu Nairobi. Ghetto Classics, darasa la muziki wa okestra kwa watoto, ilianza 2008 Korogocho, mtaa wa mabanda, mwanzilishi wake Elizabeth Njoroge, kwenye eneo la kanisa Katoliki la St. John, jirani kabisa na dampo la Dandora. Dampo hilo lilifunguliwa 1975, likatangazwa limejaa 2001, na malori hayajaacha kumwaga. Watu wanaisifu kwa zile picha za mtoto na fidla, moshi nyuma yake. Mimi naisifu kwa kitu kisichopigwa picha: waliotangulia wakishaiva wanafundisha wadogo, na wanalipwa posho kwa kazi hiyo. Kijana anaenda kituoni kufundisha, jioni anarudi na hela ya unga. Mama yake haulizi tena kwa nini anashinda na filimbi. Na kituo kinapata mwalimu anayejua njia ya kwao, lugha ya kwao, na anayejua kwa nini fulani hakuja leo.

Fedha zao kwa sehemu kubwa zilitokana na tamasha la Safaricom Jazz lililoanza 2014, enzi za Bob Collymore, mkurugenzi wa kampuni hiyo ya simu, mapato yakielekezwa kwa Ghetto Classics. Yaani watu wenye uwezo wanalipa kiingilio kumsikiliza mpiga jazi wa kimataifa, na kiingilio kile kinakuwa posho ya mwalimu Korogocho. Nani hapa kwetu amejaribu hivyo? Tamasha zetu mapato yanaishia kwenye jukwaa na taa.

Wenye vituo karibuni. Semeni bila kuficha: nani anawalipa walimu wenu?

#2 Mwananyamala B

Mkuu umeandika kwa uchungu na nimekusoma mpaka mwisho. Ila naomba niulize swali la mtu mwenye njaa.

Kijana hana mtaji wa hata meza ya nyanya, wewe unamfundisha tuba. Tanzania hii wangapi wanaishi kwa tuba? Wangapi wanaishi kwa fidla? Hela hiyo ya posho na ridi na mafuta ya pistoni, mpeleke VETA akasome kuchomelea au umeme wa majumbani. Akimaliza ana fani. Muziki atapiga kanisani bure kama wenzake. Mimi nadhani wafadhili wanapenda muziki kwa sababu unapendeza kwenye video. Kijana anayechomelea geti hapigiwi makofi.

#3 Mzee wa Kwata

Vijana, mnazungumza kana kwamba jambo hili limeletwa na wafadhili. Ngoja niwape historia kidogo, mimi nimestaafu polisi upande wa bendi.

Baada ya uhuru bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi ilianzishwa 1964, ndiyo hiyo ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na ninyi mnaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Sisi tulikuwa na Polisi Jazz, wana Vangavanga. JWTZ walikuwa na Mwenge Jazz, JKT wakawa na Kimulimuli. Mlimani Park ya 1978 ilikuja kushikwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Kijana alikuwa anatoka kijijini hajui kitu, anaajiriwa, anafundishwa, mwisho wa mwezi anapanga mstari wa mshahara na wenzake. Hakuna aliyeita msaada.

Kwa upande wetu wa bendi ya shaba, nota zilikuwa lazima. Ulikuwa hugusi chombo mpaka uimbe skeli na kupiga mapigo kwa mkono. Na kila chombo kilikuwa na namba, na daftari la kusaini. Ukikirudisha na mbonyeo unaeleza mbele ya mkubwa. Fundi alikuwa mmoja wetu, alifundishwa ndani kwa ndani, na akistaafu anaacha mwanafunzi wake. Ndipo mnapokosea ninyi wa siku hizi, mnafikiri matengenezo ni jambo la dharura. Kwetu lilikuwa na siku yake kwenye ratiba ya wiki.

Ubaya wa mfumo ule nao niuseme. Ukihama bendi unaacha chombo. Nimewaona wapiga gitaa wa kutikisa nchi wakizeeka bila gitaa la kwao wenyewe. Kwa hiyo mnapofungua vituo, wekeni utaratibu wa kijana aliyehudumu muda fulani kuondoka na chake.

#4 Tuba ya Temeke

Shikamoo mzee wangu. Hilo la siku ya matengenezo kwenye ratiba nalichukua kama lilivyo. Na la kuondoka na chombo pia, sijaona kituo kinacholifanya.

Mzee, yule mwanafunzi wa fundi wenu bado yupo? Maana hapa mjini mafundi wa gitaa na spika wamejaa, wa pedi za saksafoni nikimpata namkuta ni mtu wa kambini, na kambini ana kazi zake.

Mwananyamala B, kaka, swali lako ni halali. Jibu la kwanza: tuba inalisha. Dar hii kila Jumamosi harusi ngapi zina matarumbeta? Send-off ngapi, kipaimara ngapi, ufunguzi wa maduka ngapi? Vijana wanaopiga huko wengi hawakusoma popote, wameokoteza. Mwenye kusoma nota anaitwa na kundi hili leo na lile kesho bila mazoezi ya wiki nzima, kwa hiyo anaitwa zaidi. Jibu la pili: huyo wa kuchomelea ndiye ninayemtaka mimi! Mbonyeo wa tromboni unatolewa na nani? Bomba la tuba likiachia linaungwa kwa moto na risasi laini, si kwa welding ya geti, lakini mkono ni ule ule. Kila darasa lina kijana ambaye sikio halimsaidii ila akishika bisibisi unaona kabisa hapa pana mtu. Wa namna hiyo tunawarudisha vijiweni kwa kuwaambia "huna kipaji". Nikipata wawili wa hivyo wakasomea ufundi wa vyombo, nchi nzima itawapigia simu.

#5 Bint Shangani

Assalamu alaykum. Nami nitie langu kutokea Unguja.

Huku tulikuwa na bahati ya DCMA, chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichofungua milango 2002 kwenye jengo la Forodha ya zamani, mbele ya bahari Mji Mkongwe. Kabla ya hapo taarab ulikuwa unaipata kwa kukaa miguuni pa mzee kilabuni, na kama wewe ni mtoto wa kike, milango ilikuwa michache mno. Chuoni pale msichana aliweza kusomea udi, fidla, kanuni ya nyuzi, filimbi ya nai, mchana kweupe, akatoka na cheti. Siti Amina na wenzake wa Siti and the Band wametokea mle mle.

Lakini mwaka 2019 chuo kilitangaza kuwa kinakaribia kufungwa kwa kukosa fedha. Wafadhili wa kibalozi walikuwa wamepunguza misaada. Ada ilikuwa kama dola 13 kwa mwezi, na wanafunzi wengi hata hiyo hawakuiweza. Sasa hebu fikiri, mji unaopokea watalii wote wale, kila hoteli usiku inataka kikundi cha taarab pembeni ya bwawa, na chuo kinachotoa wanamuziki hao kinahangaikia mishahara. Mimi sijapata kuelewa kwa nini hoteli hazikutiwa katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Kuhusu vyombo, njooni Unguja mkaone chumvi ya bahari inavyofanya kazi yake. Uzi wa chuma hauna maisha. Na kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa sauti moja. Ukisema "nimepewa kanuni ya msaada", swali la kwanza ni: nyuzi zake zitatoka wapi mwakani? Wanafunzi wetu wanaona uzito kuanza na kanuni kwa sababu hiyo, wanakimbilia dumbaki na gambusi.

#6 Eastlando

Niaje watu wa Bongo. Mimi ni wa Nairobi, Eastlands, si mwanachama wa Ghetto Classics lakini nimekulia karibu na watu wake. Tuba umesema vizuri, ila usiipambe sana.

Kwanza, wazo la bendi kuokoa vijana hapa Kenya ni la zamani. Shule ya Starehe Boys ilifunguliwa 1959 kwa ajili ya wavulana waliokuwa hawana mbele wala nyuma, wengi wao waliachwa hivyo na miaka ya hali ya hatari, enzi za vita vya Mau Mau, na bendi yake inajulikana nchi nzima. Kule bendi ni sehemu ya shule. Una kitanda, una chakula, una mtihani wa taifa, na una tarumbeta. Hapo tofauti inaonekana. Mtoto wa Korogocho akitoka mazoezini anarudi kwenye nyumba ya mabati ambako hawezi kupiga fidla usiku bila jirani kugonga ukuta.

Pili, kutegemea kampuni moja kuna hatari zake. Collymore alikuwa mpenzi wa jazz mwenyewe, alijifunza hata saksafoni. Alifariki Julai 2019. Mradi ukisimama juu ya mapenzi ya mkurugenzi mmoja, kila mkurugenzi mpya ni usaili upya.

Tatu, hii story ya kutoka dampo hadi jukwaani, watoto wenyewe wameichoka. Kila mwandishi akija anauliza kuhusu harufu. Hakuna anayeuliza unafanya kipande gani, au umefika gredi ya ngapi. Wanafanya mitihani ile ile ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, anayofanya mtoto wa Karen, mtaa wa matajiri, kwa mwalimu wa nyumbani, na mtahini haongezi alama kwa sababu unaishi karibu na taka. Mtu akipita gredi ya tano amepita. Hiyo ndiyo habari, lakini haiuzi.

#7 Mama Pili

Naona wanaume mmetawala uzi, nami naingia kama mzazi.

Binti yangu ana miaka kumi na tatu, anaimba na anataka tarumbeta, na Tuba nakaribia kuamini ndiko kwako anakokutaja. Shida yangu si dini wala ada. Mazoezi yanaisha saa ngapi? Anarudi na nani? Mwalimu wa chombo mara nyingi anakaa na mtoto mmoja chumbani mlango umefungwa "kwa sababu ya kelele". Kule Venezuela, wale wenye mradi wa muziki wa watoto mkubwa kuliko yote duniani, mwaka 2021 wanafunzi wa zamani walijitokeza hadharani kueleza waliyofanyiwa na walimu wao, na uongozi ukalazimika kukiri kuwa tatizo lipo. Kituo cha watoto maskini ndiko mtu mbaya anakokimbilia, maana mzazi anaona kama anasaidiwa, anaona haya kuuliza. Mimi sioni haya. Na nikimleta, aje na nini?

#8 Tuba ya Temeke

Dada, uliza hata kwa ukali zaidi. Utaratibu wetu: watoto chini ya miaka kumi na sita wanamaliza saa kumi na moja na nusu jioni, hata kama wimbo haujakamilika. Hakuna somo la mtu mmoja kwenye chumba kilichofungwa, tunafundisha wawili wawili au kwenye kibaraza. Kelele majirani wameshatuzoea. Watu wa mtaa mmoja wanaondoka pamoja, na namba za wazazi zipo kwa mama mmoja wa usharika, si kwangu. Na mwalimu haruhusiwi kumtumia mtoto ujumbe usiku, iwe kuhusu mazoezi au lolote. Kuna mmoja alituona tunamdhalilisha kwa sheria hizo, akaondoka. Alikuwa mpigaji mzuri sana. Sijajuta.

#9 Kitabu Wazi

Kwa kuwa Venezuela imetajwa, niongeze kitu ambacho wenye miradi hii hawapendi kukisikia.

El Sistema, ndio huo mradi wa Venezuela, ilianzishwa 1975 na José Antonio Abreu, mchumi na mwanamuziki. Ni mradi wa serikali, si wa wafadhili, na umewatoa watu kama Gustavo Dudamel aliyeshika okestra ya Los Angeles kuanzia 2009. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikaukopesha fedha nyingi, na ikafanya utafiti. Watoto wapatao 2,900, umri wa miaka 6 hadi 14, vituo 16, nusu wakaingizwa mara moja na nusu wakasubiri mwaka, halafu wakalinganishwa. Matokeo yalichapishwa 2017. Kulikuwa na nafuu kwenye kujidhibiti na kwenye tabia, hasa kwa wavulana waliokuwa wamekulia kwenye vurugu. Vitu vingine vingi vilivyopimwa havikuonyesha tofauti.

Lakini kilichonishtua ni kingine. Waliangalia ni nani hasa walioingia. Watoto maskini walikuwa asilimia 16.7 tu ya walioandikishwa, wakati kwenye majimbo wanakotoka umaskini ulikuwa asilimia 46.5. Yaani mradi unaojitangaza kwa jina la maskini ulikuwa umejaa watoto ambao kwao kuna afadhali. Hakuna aliyewafukuza maskini. Hawakufika.

Sasa Tuba, darasa lako. Wasiofika ni akina nani?

#10 Tuba ya Temeke

Swali zito hilo, na jibu ninalo kwa sababu nawajua kwa majina.

Wasiofika ni wanaofanya kazi. Kuna wanaobeba mizigo sokoni alfajiri, kuna wanaouza maji kwenye foleni, kuna mabinti wanaolea wadogo zao mpaka mama arudi kutoka kupika chakula cha watu. Darasa la saa nane mchana si la kwao. Ukiweka fomu ya kusaini mzazi, umemtoa anayeishi na bibi asiyejua kusoma. Ukiweka usaili, wanaokuja ni wale ambao kwao kuna mtu anayejua maana ya usaili. Ukiwashonea sare nzuri, anayejiona mchafu anaishia getini anachungulia. Wa getini nimewaona wengi kuliko wa ndani.

Tulichokifanya ni kidogo. Tumefuta usaili. Tumeweka darasa la pili baada ya magharibi kwa wakubwa wanaotoka kazini, wavulana tu kwa sasa kwa sababu aliyoisema Mama Pili, na hilo linaniuma kwa sababu mabinti wanakosa. Na kuna uji. Mwananyamala B utacheka, lakini uji ndio uliobadilisha mahudhurio kuliko tarumbeta mpya. Mtu mwenye njaa hana pumzi ya kupuliza, hilo ni suala la mapafu na tumbo, halihitaji utafiti wa benki.

#11 Kivu Yetu

Jambo wandugu, miye niko Goma. Mnasema vyombo, vyombo. Kule Kinshasa kuko ile okestra ya kanisa la Wakimbanguiste, Armand Diangienda aliianzisha 1994, alikuwa rubani, akapoteza kazi. Walianza na fidla chache, watu wanapokezana. Uzi ukikatika walikuwa wanaweka waya wa breki ya baiskeli. Walipokosa besi kubwa wakaitengeneza wenyewe, mbao ya hapa hapa. Si kwa kupenda shida, ni kwa kukosa. Lakini leo wako na watu wanaojua kutengeneza. Kwetu Kivu vijana wanaopiga muziki wako wengi sana, tunachokosa ni amani ya kufanya mazoezi wiki mbili mfululizo.

#12 Mwananyamala B

Uji nimeuelewa. Tuba, bado sijashawishika na fidla, ila hilo la mafundi wa vyombo lina hela, hasa kama kweli hakuna wa kushindana naye. Kijana akisomea hapo anatoza shilingi ngapi kubadilisha hizo pedi? Weka namba tuone.

#13 Kontena la Bremen

Mimi ndiye yule wa kontena kwenye uzi wa ajira. Nimesoma yote, na kusema kweli nimechoka kidogo kupigwa humu, lakini sawa. Jamaa yangu tayari ana vyombo kwenye gereji yake, hawezi kuvirudisha. Nimwambie nini?

#14 Tuba ya Temeke

Kaka, hukupigwa wewe, limepigwa kontena.

Mwambie jamaa avikague kabla havijapakiwa, ampate fundi wa huko avipige kimoja kimoja. Kisicholia kisipande meli, kukisafirisha ni hela ile ile. Fidla za watu wazima zikizidi nne, aziuze huko huko, na fedha inunue ndogo, seti za nyuzi, na singa. Kwa kila saksafoni ije seti nzima ya pedi pamoja na ridi za mwaka, na kwa kila chombo cha shaba mafuta na burashi. Halafu amwombe huyo fundi kitu kimoja kikubwa: aje Dar likizo, mwezi mmoja, akae na vijana wawili tutakaomchagulia, awaachie koleo na vipimo vyake. Nauli ya fundi itakuwa na faida kuliko nusu ya hilo kontena. Na kabla ya yote hayo, ninyi wawili mkubaliane posho ya walimu wawili kwa miaka miwili inatoka wapi. Hamna? Basi vyombo vibaki gereji kwanza, gereji ya Bremen haina unyevu wa Temeke.

Mwananyamala B, bei sina, kwa sababu mara zote nimewabembeleza watu wa kambini na kuwalipa kwa soda. Mzee wa Kwata ndiye wa kutuambia.

#15 Mzee wa Kwata

Marahaba kwa wote mlionisalimia. Mwanafunzi wa fundi wetu yupo, amestaafu naye, yuko Mbagala anafuga kuku. Nimempigia leo asubuhi. Anasema macho ya karibu yamepungua lakini mikono ipo, na hataki wanafunzi zaidi ya watatu. Bei atawaambia mwenyewe, msimletee soda.

#16 Mama Pili

Tuba hujanijibu bado. Binti aje na nini?

#17 Tuba ya Temeke

Samahani dada. Aje Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi na daftari, penseli na kifutio. Tarumbeta ya kuanzia ipo, ya namba saba kwenye daftari letu, pistoni ya pili inakwama kidogo. Na wewe uje, ukae mpaka mwisho uone.

Mzee, nitumie namba ya Mbagala pm. Watatu ninao.